Neno la Mama Kuang

Ndege alikuwa amepotea tangu Jumapili, na kwa ajili ya ndege huyo kulikuwa na mtu wa kupandishwa ndege Jumatano. Sajini Eimeta Agege aliporudi kazini Jumanne asubuhi, pua bado imeziba kwa mafua yaliyomlaza mwisho wa juma, alikuta mambo yamekwishakamilika bila yeye. Mshukiwa yuko mahabusu, na kiti chake kwenye safari ya Tarawa, Kiribati, kimekwishakatiwa tiketi.

Konstebo Jericho Notte alimpokea kwa kikombe cha chai na tabasamu la mtu anayesubiri kupongezwa. Alieleza kesi yote akiwa amesimama wima. Jumapili, wakati wilaya nzima ya Anabar iko kanisani, mtu aliingia kwenye kichanja cha ndege nyuma ya duka la Mama Kuang, akaondoka na Rubani. Rubani ndiye yule ndege mweusi wa bahari wa Mzee Debao Ribauw, mwenye mkia wa panda, ambaye akikaa kichanjani wenzake wa porini hushuka kumfuata wakanaswa. Mashindano ya wilaya ya kunasa ndege yalikuwa mlangoni, na Anabar bila Rubani ni sawa na kwenda kuvua bila chambo.

"Ushahidi?" aliuliza Eimeta.

"Wa kumwaga, Afande." Jericho alikunja kidole cha kwanza. Ndege yule hashikiki, mtu asiyemjua humtoa damu. Anaowakubali ni Mzee Debao na kibarua wake Tekaai, basi, na Mzee alikuwa kanisani kiti cha mbele. Kidole cha pili, kwenye kapu la pikipiki ya Tekaai kulikutwa manyoya meusi na nailoni ileile ya kichanjani. Cha tatu alikikunja taratibu, kama anayefunua karata ya turufu. "Na Mama Kuang alikuwepo. Nilimhoji mwenyewe, kwa Kiingereza. Amesema mwizi si Mnauru."

Tekaai kweli hakuwa Mnauru. Wazazi wake walitoka Kiribati kuja kuchimba fosfeti, wakamzaa kwenye nyumba za wafanyakazi pale Denigomodu, na kazi ilipokwisha wao wakarudi kwao, yeye akabaki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe tangu ndevu hazijaota, na kibanda cha kulala nyuma ya nyumba ya Mzee Debao, na Mzee akamwandikia udhamini wa kuishi kisiwani. Lakini Jumatatu Mzee alikwenda ofisi ya wageni akaufuta ule udhamini. Kisha akarudi nyumbani akalitoa godoro la Tekaai nje ya uzio, likalowa mvua.

Asiye na mdhamini hana ruhusa ya kukaa, na asiye na ruhusa husafirishwa. Hapakuwa na haja hata ya hakimu. Eimeta alikunywa chai yake hadi nusu, akasema anataka kumwona mtu huyo kabla hajaondoka.

Mlango wa mahabusu ulikuwa na tabia yake: ukiufungua bila kuushikilia, unarudi wenyewe. Jericho aliusahau. Uliporudi, ulimkuta Tekaai amesimama kwa adabu kumpokea mkubwa, ukamgonga kidole gumba cha mguu. Tekaai aliinama, akaulaani mlango, akamlaani aliyeuchomelea na ukoo wote wa huyo aliyeuchomelea, kwa Kinauru kizito ambacho Eimeta hakuwa amekisikia tangu azikwe bibi yake. Ilibidi ageuke ukutani acheke kwanza.

"Samahani, Afande. Sikukusudia mbele yako."

"Umenikumbusha mbali. Kikiribati unatukana hivyo hivyo?"

Tekaai alifikiri kwa uaminifu. "Kikiribati najua nyimbo za kanisani. Na matusi mawili, lakini sijawahi kuyatumia, maana sijui yanatukana nini."

Maswali yaliyofuata hayakumsaidia. Alikuwa kwenye mwamba anatafuta pweza, peke yake, na pweza hatoi ushahidi. Alipoulizwa kuhusu manyoya kwenye kapu lake, kwa mara ya kwanza alionyesha hasira. "Mimi nafuga ndege, Afande. Ukimkuta muuza samaki ananuka samaki, utamfunga?" Kisha hasira ikaisha akabaki na huzuni tupu. Hakuulizia kesi wala safari ya kesho yake. Aliuliza kama ni kweli Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa godoro. Eimeta akamwambia ni kweli, kwa kuwa hakupenda kumdanganya mtu aliyefungiwa.

Njiani kwenda Anabar, Jericho akiendesha, walipita uwanja wa ndege. Ndipo Eimeta akauliza duka la Mama Kuang Jumapili huwaje.

"Hufungwa, Afande. Pazia la chuma hadi chini."

"Na ukuta wa nyuma una dirisha?"

Jericho alifikiri. Ulikuwa hauna.

"Basi huyo mama alimwonaje mwizi?"

Jericho alizidi kukaza macho barabarani, ingawa barabara ya kuzunguka kisiwa ni moja na hakuna pa kupotelea.

Mama Kuang alikuwa akipanga kuku wa barafu kwenye friza, na hakufurahi kuona askari kwa mara ya pili. Alikwishasema yote, alidai, na kuku wanayeyuka. Eimeta alishika upande mmoja wa katoni, wakapanga pamoja, na akauliza alichokuja kuuliza. Je, alimwona?

"Nimwone na nini? Mimi ndani, napanga makopo. Ukuta huu hapa."

"Umejuaje basi kwamba si Nauruan?"

"Masikio."

"Masikio yanajuaje mtu katoka wapi?"

Mama Kuang aliacha kuku, akamtazama Jericho kwa jicho la mwalimu. "Nani kasema mtu? Kijana wako kaniuliza, umemsikia, alikuwa Nauruan? Mimi nikasema, si Nauruan. Anaongea Kiingereza. Mimi nauza hapa miaka, Nauruan naijua sana: nipunguzie, nipunguzie tena, basi acha."

Hapo ndipo pabaya pa Kiingereza, lugha ambayo pamoja na utajiri wake wote ni bahili wa viambishi. Sisi tukisema Mnauru tumetaja mtu, tukisema Kinauru tumetaja maneno yake, na hakuna atakayemfunga mmoja kwa kosa la mwingine. Mwenye Kiingereza analo Nauruan tu. Mtu ni Nauruan, lugha ni Nauruan, ngoma, samaki, hata uvivu ukipenda, Nauruan, msikilizaji ajichagulie. Mama Kuang alikuwa amesema si Kinauru. Jericho akasikia si Mnauru, akaenda kumkamata asiye Mnauru wa karibu. Na kosa hilo lisingemkumba mgeni, mgeni angeuliza. Lilimkumba Jericho kwa sababu maisha yake yote neno hilo limekuwa jina lake mwenyewe.

Eimeta aliuliza Kiingereza hicho kilikuwa cha namna gani. Kizuri, alisema mama, cha kwenye televisheni. Mtu alikuwa akinong'ona, pole, pole kipenzi, tulia. Mwanamume au mwanamke? "Kunong'ona hakuna mwanamume wala mwanamke," alisema Mama Kuang. Na ndege je? Ndege alipiga kelele mara moja, akapapatika sana, kisha kimya. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kuwa yeye akitupa taka tu nyuma ya duka ndege yule hulia utadhani anachinjwa.

Walipotoka, Jericho alikuwa amenywea. Alisema polepole kwamba Tekaai Kiingereza chake ni cha kuokoteza, na hata akiumia hulia Kinauru, mlango wa mahabusu ni shahidi. Kisha, kwa kuwa kijana haishiwi, akapata mshukiwa mpya papo hapo: yule mhandisi wa bandarini, Mwaustralia, ambaye kila jioni hupiga picha kichanja kile. Eimeta akamwambia apige simu. Mhandisi alijibu kwa uchungu kwamba Rubani alimrarua kidole na mpaka leo kimefungwa bendeji, na tangu hapo humpiga picha akiwa upande wa pili wa barabara. Daktari alithibitisha.

"Tunatafuta mtu anayeongea Kiingereza kitamu," alisema Eimeta, "na ndege anamjua. Twende kichanjani."

Kichanja kilikuwa miti tu iliyofungwa juu ya mawe ya ufukweni, na ndege wawili waliobaki walimkaripia Eimeta tangu akiwa mbali. Mzee Debao alikuwa chini yao, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amezeeka kwa siku mbili. Alimwita Eimeta mwanangu, kwa kuwa alisoma na baba yake. Wala hakuuliza habari za Tekaai.

Eimeta aliomba kuonyeshwa kamba ya Rubani. Kipande kilichobaki kilikuwa bado kimefungwa kwenye mti, na ncha yake ilikuwa imekatwa safi, kwa kitu kidogo chenye makali mawili. Mkasi, pengine wa kucha. Fundo lenyewe halikuguswa. Akamwomba Mzee amwonyeshe linavyofunguliwa. Mzee alivuta kijincha kimoja kwa vidole viwili na fundo likaachia lote, halikuchukua hata muda wa kupiga chafya.

"Tekaai analijua?"

"Nilimfundisha mimi."

"Basi aliyekuwa na haraka ya kuiba, analijua fundo, angekata kwa mkasi wa kucha kwa nini?"

 Mzee alisema tu kila mtu wa Anabar analijua fundo lile. Eimeta akamsahihisha kwa heshima: kila mtu aliyekulia Anabar.

Alichuchumaa chini ya kichanja. Kati ya mawe, ndege wengine wasikoweza kufika, palikuwa na vipande vya samaki vilivyokauka. Havikuwa na mwiba wala ngozi, vimekatwa vizuri kama vya kupikia mgeni. Mzee alivitazama kwa dharau. Ndege wake hula samaki mzima, alisema, kwa kichwa, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo Tekaai anavyomlisha. Nani atampa ndege samaki wa kuchambuliwa?

Mtu aliyekuwa anamlisha kwa siri, Eimeta aliwaza, kwa siku nyingi, mpaka ndege akamzoea. Na mtu huyo samaki humtoa jikoni, wala si baharini.

Nyumba ya Mzee ilikuwa hatua chache juu ya barabara, na mlangoni alitokea mjukuu wake Jaylene na sinia la nazi za kunywa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, aliyeletwa kutoka Brisbane mwaka jana baada ya kumzika mama yake. Kwa ukoo wa mama alikuwa Mnauru asiyepingika. Kwa ulimi hakuwa na hata neno la kuombea chumvi. Watoto wa barabarani walikuwa na jina lao kwake, Mnauru wa pasipoti, na wakimwita hivyo yeye huwapungia mkono, kwa kuwa haelewi.

Eimeta alimsalimia kwa Kinauru, akamuuliza kama amelala vizuri. Jaylene alitabasamu, akatikisa kichwa kwa namna inayofaa kwa ndiyo na kwa hapana. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la Topside, kule juu palipochimbwa fosfeti pakabaki mawe ya kuchongoka, na siku hizi haendi huko mtu mwenye akili timamu bila shughuli.

Eimeta alipokea nazi. Akaikumbuka ile pole aliyopewa ndege akipapatika, akainama kidogo na kuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ya kuuliziana habari za mgonjwa, "Bawa limevunjika, au limeteguka tu?"

Jaylene aliweka sinia chini.

"Limeteguka," alisema. "Nimesoma kwenye simu. Lingekuwa limevunjika lisingekunjika."

Mengine yalitoka yenyewe. Kulisha ndege ni kazi ya wanaume, hakuna aliyemwalika kujaribu, basi alikuwa akingoja watu waende kanisani. Ndege yule alikuwa mtu wa kwanza kisiwani aliyemkubali, alisema hivyo hasa, mtu. Jumapili Rubani alijirusha kupokea samaki, bawa likanasa kwenye kamba. Jaylene hakuweza kulifungua fundo. Akakata kwa mkasi wa kucha uliokuwa kwenye pochi, akamfunga ndege kwa fulana, akamficha Topside mpaka apone, amrudishe kimyakimya kabla ya mashindano.

"Na mtu yuko ndani kwa ajili yako," alisema Eimeta. Hakuificha hasira yake. "Kesho wanamsafirisha. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuja jana kituoni. Nilifika mpaka kaunta." Alimwonyesha Jericho kwa kidevu. "Huyu akanisemesha Kinauru. Akarudia. Watu wakageuka kunitazama, nikashindwa, nikatoka." Alijifuta machozi kwa mkono. "Nikajua Babu atasema ni kweli, aliyeiba si Mnauru."

Jericho aliangalia nazi yake. Alikumbuka, alisema. Alidhani binti amekosea mlango.

Rubani alikuwa ndani ya tangi kuukuu la maji lililolala ubavu kati ya majabali, kivulini, na bakuli la samaki wa kuchambuliwa mbele yake. Alikuwa mzima na mwenye hasira. Jaylene alimnong'oneza akatulia, na bawa alipolifunua lilikunjuka lote, likitetemeka kidogo tu kwenye kiungo. Angeruka tena, pengine kabla ya mashindano, pengine baada. Jericho aliponyosha mkono kusaidia aling'atwa, na hakuna aliyemhurumia.

Walipofika kituoni Eimeta alipiga simu ofisi ya wageni. Alidhani kazi imekwisha. Sauti ya upande wa pili ilimsikiliza kwa upole, ikafurahi kwamba mtu hana hatia, kisha ikamkumbusha kwamba Tekaai hasafirishwi kwa wizi. Anasafirishwa kwa kukosa mdhamini. Aliyefuta aje aandike upya kabla ofisi haijafungwa alasiri hii, la sivyo safari iko palepale.

Eimeta aliweka simu. Sheria ingemfungulia Tekaai mlango wa mahabusu na kumwacha barabarani, na hapo uwezo wa sajini uliishia. Yaliyobaki yalikuwa mikononi mwa Mzee Debao. Nao wazee wa Anabar hawashurutishwi, ukiwasukuma wanakaa.

Mzee aliletwa na gari la jirani. Alimkagua ndege kwanza, unyoya kwa unyoya, na wote wakasubiri. Tekaai alikuwa amekwishatolewa nje, amesimama karibu na benchi na kifurushi chake cha nguo, na Mzee alipita mbele yake bila kuinua macho. Eimeta aliona kwamba haikuwa chuki tena. Ilikuwa aibu, na aibu ya mtu mzima ni ngumu kuliko hasira yake.

Jaylene alisogea. Alianza kwa Kiingereza, maneno mazuri aliyokuwa ameyapanga njiani, na Mzee akainua kiganja. Kiingereza alikijua vizuri sana, alifanya kazi na Waaustralia nusu ya umri wake.

"Kosa la nyumbani," alisema kwa Kinauru, "huombwa radhi kwa lugha ya nyumbani."

Jaylene hakuelewa maneno, lakini kiganja alikielewa.  Macho yalimjaa machozi. Jericho alikohoa, Eimeta akajiandaa kuingilia, na alikuwa amechelewa, kwa kuwa Tekaai alikwishasogea akasimama nyuma ya bega la binti aliyemlaza ndani siku mbili. Akamnong'oneza neno moja.

Jaylene alilirudia. Lilitoka limepinda.

Tekaai alilisema tena, polepole, kama anavyomfundisha kinda kupokea samaki. Safari hii lilinyooka. Akampa la pili, akampa la tatu. Babu, ni mimi. Nilimpenda ndege wako. Niliogopa. Mtu wako hakukosa. Hilo la mwisho Tekaai alisita kulisema, akaliruka, na Eimeta ndiye aliyemtolea Jaylene kutoka upande wa pili wa kaunta, kwa sauti ya kusikika.

Maneno yenyewe yalikuwa ya kizamani, yale ambayo vijana wa Anabar siku hizi hawayatumii. Kila mtu chumbani alijua Tekaai ameyaokota wapi. Mzee Debao alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha kibarua wake, yakiingia kwenye kinywa cha mjukuu wake, yakimrudia.

Alijibu kwa Kinauru, kwa urefu, bila kumtazama yeyote, huku akilikunja bawa la Rubani taratibu. Jaylene aliambulia maneno mawili tu. Akageuka nyuma, kwa Tekaai.

"Anasemaje?"

Tekaai alikuwa amelowa uso mzima na hakujisumbua kujifuta.

"Anasema tuwahi kwenye gari, ofisi ya wageni inakaribia kufungwa. Halafu twende nyumbani." Aliinua kifurushi chake cha nguo. "Amesema sisi watatu."